Majivu Meupe ya Ukuta wa Kaskazini

Jumatatu, 1 Februari 1982

“Majivu ni ya kusugulia sufuria. Nyumba hujengwa kwa saruji, na asiye na saruji na angoje.”

Maneno hayo si yangu. Ni ya Ndugu Hilario, bwana ujenzi wa ghala la vifaa Kisarawe, aliyoyasema leo mchana mbele ya wajumbe wa vijiji kumi na kimoja huku akigonga meza kwa penseli nyekundu. Wajumbe walicheka. Mimi niliyaandika kwenye kiganja cha mkono, na sasa nayahamishia ukurasa wa kwanza wa daftari hili nisije baadaye nikaambiwa nimemsingizia.

Nianze na hilo neno “angoje”. Kijiji chetu cha Pangani, hapa Kibaha, kimengoja tangu mwaka 1979. Tuliomba mifuko arobaini ya saruji ili tuongeze chumba cha kujifungulia katika zahanati. Mwaka huu tumepewa kumi na miwili. Mwezi uliopita mke wa jirani yangu alizaa kando ya barabara, kwenye mikorosho, akipelekwa hospitali kwa baiskeli. Mtoto yule hakuelezwa habari za kungoja.

Nije kwenye “nyumba hujengwa kwa saruji”. Saruji imeingia nchi hii juzi. Kuna misikiti na makaburi pwani yetu ambayo babu za babu zetu waliyakuta yamesimama, na hayajaonja mfuko mmoja wa saruji.

Halafu majivu. Kule Mlandizi, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pumba zimerundikana kama vilima, na huchomwa kila wiki ili zisizibe njia. Kijitabu nilichokisoma katika maktaba hapa Kibaha kinaeleza kwamba majivu ya pumba, yakisagwa yakawa laini na kuchanganywa na saruji, hufanya kazi ya saruji. Mfuko mmoja ukafaa mahali pa miwili. Nimeliandikia gazeti jambo hili mara tisa katika miaka miwili. Barua tatu zilichapwa. Hilario amezisoma, maana aliponiona mlangoni leo alisema, “Karibu, bwana majivu.”

Niandike na hili pia, kwa kuwa daftari ni langu. Mimi na Hilario tulikaa dawati moja chuoni. Katika hesabu mimi nilikuwa wa kwanza, yeye wa nne. Mwaka 1965 ilikuja nafasi moja ya kwenda Ulaya kusomea ujenzi. Akaenda wa nne. Leo nina miaka arobaini na tisa, nafundisha darasa la sita, na yeye ana penseli nyekundu.

Jumatano, 3 Februari

Joto. Nimesahihisha madaftari. Laurentia, mke wangu, amenikuta naandika akauliza, “Hiyo ni barua au ni kesi?” Nimegeuza ukurasa.

Jumamosi, 6 Februari

Mlandizi, kutazama pumba. Kilima kimoja kilikuwa kinafuka moshi pole pole, juu kijivu, ndani chekundu kama jicho la mgonjwa. Anayekiangalia ni Bi Mwanamvua, mjane wa Kizaramo aliyezaliwa Kisarawe, ambaye siku hizi anakaa kwetu Pangani na kufanya kazi mashineni. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo yeye ni mtani wangu, na anaitumia haki hiyo bila huruma.

“Mnyamwezi,” alisema, “mlikuja pwani kubeba mizigo ya watu mkasahau kurudi. Sasa unataka kubeba na majivu?”

“Tulipopita na mizigo ninyi mlikuwa mmelala,” nikamjibu. “Nataka pumba mbichi, magunia ishirini.”

“Kwa nini mbichi, na majivu haya hapa yamekwisha kuwa tayari?”

“Haya yamechomwa ovyo. Mimi nitayachoma kwa utaalamu.”

Akaniangalia, akafunga khanga vizuri. “Haya, mtaalamu. Chota.”

Jumamosi, 13 Februari

Siku njema kabisa. Mzee Pazi, fundi wetu mwashi, alikuwa anawasha tanuru la matofali ya zahanati. Nikamwomba tujaze pumba kwenye mabati yaliyokunjwa na kuyasukuma katikati ya moto. Ninavyojua mimi, na anavyojua kila aliyewahi kuchoma tofali hapa kwetu, kilichoiva vizuri ni kile kilichokaa penye moto mkali. Tofali bichi humomonyoka. Lililoiva hulia ukiligonga. Majivu yetu yametoka meupe, yenye wekundu kidogo kama waridi. Nimeyaweka kwenye sahani mezani. Laurentia ameiomba sahani yake, nimemwambia angoje. Akasema, “Umeanza kuongea kama Hilario.”

Jumamosi, 20 Februari

Tumejenga ukuta mdogo wa majaribio nyuma ya shule, tofali ishirini na nne. Mota yake ni debe moja la saruji, debe moja la majivu na madebe sita ya mchanga. Tumeufunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Nimemwandikia Hilario aje kuutazama Jumamosi ijayo. Barua kurasa nne.

Jumanne, 23 Februari

Nimeyamwagia magunia maji asubuhi na jioni.

Jumamosi, 27 Februari

Namshukuru Mungu Hilario hakuja.

Mzee Pazi alichomeka ncha ya mwiko kwenye kiungo cha tofali na tofali, akazungusha, na mota ikamwagika kama pumba zenyewe. Akalivuta tofali la juu kwa mkono mmoja. “Mwalimu,” alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi, “hapa imeshika saruji peke yake, tena kwa shida. Hayo mengine ni wageni tu.”

Wajumbe wa kamati ya ujenzi walikuwapo, na Ndugu Mfaume, mwenyekiti wetu, naye alikuwapo. Nilikwisha kuanza kueleza kwamba kosa ni la mchanga, ndipo akatokea Bi Mwanamvua na sufuria mbili za alumini zilizokolea masizi. Hakuitwa. Alichota majivu yangu meupe kwenye gunia, akaiinamia sufuria ya kwanza na kusugua. Kisha akasuuza. Masizi yalitoka, lakini sufuria ilikuwa imejaa mikwaruzo kama iliyochezewa na paka. Akafungua kifundo cha khanga yake, akatoa majivu ya kijivu ya kwenye kilima chake, akasugua ya pili. Ikang'aa ikawa kioo, bila mkwaruzo hata mmoja.

“Sisi wanawake wa mashineni tumejua zamani,” alisema. “Majivu ya moto mkali hatuyagusi. Yamerudi kuwa mchanga. Haya yaliyoungua pole pole bado laini. Mchanga unao tayari, Mnyamwezi. Umeuongezea mchanga mwingine.”

Watu walicheka, na mtani akikucheka huna mahali pa kushtaki. Nilicheka nao.

Nimerudi nyumbani nikafungua kijitabu. Ukurasa wa kumi na saba: moto usivuke wekundu hafifu, ukivuka, majivu hufa. Niliusoma ukurasa huo mwaka jana. Nilidhani ni tahadhari ya wazungu wanaopima moto kwa mitambo, haituhusu sisi tunaojua tanuru. Miaka miwili ya kusoma na kuandika, na mwanamke mmoja amenishinda kwa sufuria mbili. Hilario alisema majivu ni ya kusugulia sufuria, na sasa imeonekana sufuria ndiyo inayotuambia majivu yapi yajenge. Ningelifurahia jambo hilo sana kama ningeligundua mimi.

Jumatano, 3 Machi

Kazi imeanza. Majivu ya Bi Mwanamvua yanaletwa kwa trekta la kijiji. Hutwangwa katika vinu vya zamani vilivyopasuka, maana hakuna atakayetoa kinu cha chakula kutwangia majivu, kisha hupitishwa kwenye chekeche la unga. Watwangaji ni wanawake, wanne kati yao wajawazito. Wanaimba. Katika wimbo wao nimo, na sikusifiwa.

Jumamosi, 13 Machi

Ukuta wa pili wa majaribio umetimiza siku saba. Hilario amekuja, viatu vimepigwa rangi. Alipiga nyundo kwenye kiungo mara tatu. Mara ya tatu likapasuka tofali na mota ikabaki. Akaiweka nyundo chini. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu tarehe mosi Februari, nimeyapanga kwa hoja, ya kwanza hadi ya saba.

“Ndugu Hilario,” nikaanza, “uliwaambia wajumbe kwamba...”

“Nilisema vile ili niwachokoze mfanye kazi,” akanikata, na akacheka, na wajumbe wa kamati, hao hao walionicheka mimi, wakacheka naye. Kisha akamgeukia Bi Mwanamvua. “Mama, kumbe na wewe ni wa Kisarawe? Wa wapi hasa?”

“Nyuma ya boma, njia ya Pugu.”

“Basi ni dada yangu kabisa. Hebu nieleze unavyochoma.”

Akatoa daftari akaandika. Walikaa kwenye gogo saa nzima. Mimi nilishika baiskeli ya Ndugu Mfaume kwa sababu stendi yake imevunjika.

Jumapili, 14 Machi

Misa. Padri alihubiri juu ya kusamehe. Sikusikiliza mwisho wake.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua ya kwanza ya masika, ya haraka. Kuta tatu zimefika usawa wa madirisha. Mzee Pazi anasema mota inateleza vizuri kwenye mwiko kuliko saruji tupu. Kila anayepita anasema “majivu ya Mwanamvua”. Hata watoto wa darasa langu. Nimewaambia wanyamaze, ni kipindi cha hesabu.

Jumanne, 23 Machi

Karani wa ghala amepita na nakala ya ripoti ya Hilario iliyokwenda mkoani. Kurasa sita kwa mashine ya chapa. Nimeisoma nimesimama.

Ameiita “Mota ya Kisarawe”. Ndani yupo “mwanakijiji mmoja mwenye uzoefu wa kuchoma pumba”, na humo mna michoro, na humo mna maneno “baada ya uchunguzi wangu wa muda mrefu”. Jina langu halimo. Kijiji cha Pangani kimo mara moja, katika orodha ya vijiji “vilivyosita mwanzoni”.

Vilivyosita. Mimi. Barua tisa.

Nilimpelekea Bi Mwanamvua nikamsomea, nikitaka akasirike. Alikuwa anachekecha. “Mwanakijiji mmoja ndiye mimi?” aliuliza. “Basi vizuri, sikuandikwa mjane.” Akaendelea kuchekecha. Nilimwambia ameibiwa. Akasema, “Mnyamwezi, chumba kinaota paa mwezi ujao. Hilo karatasi linaota nini?”

Nilichukia utulivu wake. Naandika ukweli: niliuchukia kuliko nilivyoichukia ripoti. Mtu aliyenyang'anywa kitu na asione kama amenyang'anywa humfanya mwenzake aonekane mchoyo.

Ijumaa, 26 Machi

Nimechoma majivu mengine. Nimetumia shimo nyuma ya nyumba yangu, moto mdogo kama kijitabu kinavyosema. Ilipofika alasiri wingu likatanda, nikaogopa mvua itaniharibia, nikaongeza kuni. Yametoka meupe. Mazuri kwa macho. Magunia saba.

Jumamosi, 27 Machi

Mzee Pazi na Bi Mwanamvua wamekwenda Kisarawe, kuna msiba wa mtu wao. Umebaki ukuta mmoja, wa kaskazini. Ndugu Mfaume aliuliza kama tusimamishe kazi. Nikamwambia, “Ndugu Mwenyekiti, mimi nipo.”

Tumejenga ukuta mzima leo, mimi na wazazi waliokuja kujitolea. Nilipima mwenyewe na kuchanganya mwenyewe. Saruji debe moja, majivu yangu madebe matatu. Si debe moja kwa debe moja, kama kipimo cha Bi Mwanamvua. Moja kwa matatu. Mifuko miwili imesalia, nimeifungia stoo ya shule. Siku ya kufungua chumba nitaitoa mbele ya watu wote, mbele ya Hilario na ripoti yake, niseme: ukuta huu mnaouona haukunywa hata nusu ya saruji ya kuta za “Mota ya Kisarawe”, na mifuko hii hapa ndiyo ushahidi.

Sikuyajaribu majivu kwenye sufuria. Sufuria zilikuwapo jikoni, hatua ishirini.

Jumatatu, 29 Machi

Mzee Pazi amerudi. Aliupapasa ukuta kwa kiganja. “Umeenda haraka, Mwalimu.” Nikasema watu walijitokeza wengi. “Majivu ya Mwanamvua yalitosha?” Nikasema yalitosha. Ni uongo wangu wa kwanza kwa mzee yule, ambaye naye hajanidanganya hata mara moja.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua. Nimechukua msumari wa inchi tatu nikaenda kuchoma kiungo cha ukuta wa kaskazini. Umeingia hadi nusu. Bado ni siku tano tu.

Jumamosi, 3 Aprili

Mvua. Msumari umeingia nusu. Nikauchoma ukuta wa mashariki, wa Bi Mwanamvua: umepinda.

Jumatano, 7 Aprili

Mbao za paa zimepanda. Nilimwambia Mzee Pazi tungoje kidogo ukuta ukauke. “Tungoje nini, na mvua hii?” Nikamshikia ngazi. Msumari: nusu.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Tumekula wali kwa kuku. Laurentia ameniuliza kwa nini nabeba msumari mfukoni hata kanisani, umetoboa suruali. Nikasema ni wa kurekebisha dawati.

“Kwa shajara unasema kila kitu,” alisema, “kwangu dawati.”

Jumamosi, 17 Aprili

Lipu imepigwa kuta zote, ndani na nje. Sasa ukuta wa kaskazini ni mweupe sawasawa na wenzake. Mtu hawezi kuutofautisha. Nilipaswa kuona nafuu.

Jumatano, 21 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Barabara ya Mlandizi imekatika mahali pawili. Sikwenda kuupima. Najua.

Jumamosi, 24 Aprili

Vitanda vitatu vya chuma vimefika. Kamati ilikuwa inapanga pa kuviweka. Upande wa mashariki kuna mlango, magharibi dirisha kubwa linalopitisha manyunyu. Wakakubaliana vikae vichwa vikielekea kaskazini.

Nikasema upande wa kusini ni bora. “Kwa nini?” akauliza Ndugu Mfaume. Nikasema habari za hewa. Bi Mwanamvua akanidaka hapo hapo.

“Wanyamwezi na hewa tangu lini? Mnalala na moshi wa tumbaku.” Watu wakacheka. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, “Kitanda cha kwanza ni cha mwanangu Mwanaamina, siku zake zimekaribia. Na nataka hili liingie kwenye kumbukumbu za kikao, Ndugu Mwenyekiti, maana karatasi za Kisarawe zimelisahau. Huyu mtani wangu alikuja Mlandizi kuulizia majivu wakati sisi tunayakanyaga. Moto hakuujua, lakini asingekuja, mimi ningekuwa nasugua sufuria mpaka leo. Andika: Mwalimu Anselmi alianza.”

Karani wa kikao akaandika. Nilimwona anavyoandika jina langu, herufi kwa herufi. Nimelitaka kwa miaka miwili. Ilikuwa kama kuona jina langu kwenye hati ya kukamatwa.

Jumamosi, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Mvua imeharibu maandamano. Nimekwenda peke yangu. Kuna ufa mwembamba kwenye lipu ya ukuta wa kaskazini, unaanzia chini ya mbao ya paa na kushuka ngazi ngazi, ukifuata viungo vya matofali. Nimechoma msumari ndani ya ufa. Umeingia wote. Nimeuchomoa kwa meno ya koleo, umetoka na unga mweupe, mkavu ndani, kama ulivyokuwa siku ile.

Jumatano, 5 Mei

Ndugu Mfaume ameuona ufa. Mzee Pazi amesema ni lipu inajikunja, ataupaka chokaa. Anasema hivyo kwa sababu anauamini ukuta, na anauamini kwa sababu nilimwambia majivu ya Mwanamvua yalitosha.

Nimempa Laurentia daftari hili alisome. Sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu aseme makosa ni ya Hilario. Alisoma akiwa anachambua mchele, akafika mwisho, akaufunika ungo.

“Hilario alikunyima jina,” alisema. “Mwanamvua alikunyima nini?”

Nilitaka kumjibu kwa hoja. Mimi nina hoja kwa kila jambo, nimebishana na maofisa, na mapadri, na wahariri. Nikaanza kuokota punje za mchele zilizodondoka sakafuni.

“Mwanaamina alipita asubuhi kuomba ndimu,” akaendelea. “Miguu imevimba. Wiki hii au ijayo.”

Ijumaa, 7 Mei

Nimefungua stoo ya shule. Mvua imeingia kwa chini. Ile mifuko miwili niliyoificha kama ushahidi: mmoja bado mzima, mwingine umegeuka jiwe. Umeshika vizuri sana. Ndiyo saruji pekee niliyoishika mimi msimu huu iliyokuwa ngumu.

Jumapili, 9 Mei 1982

Haya ya leo sijiandikii mwenyewe. Kesho asubuhi nitampa Ndugu Mfaume daftari hili, ayasome kwa sauti katika kikao cha kamati. Msiruke ukurasa wowote. Ya mwezi wa tatu yasomwe yote, na yale niliyowaza juu yenu.

Wajumbe, chumba kinafunguliwa Jumatano. Ukuta wa kaskazini niliujenga kwa majivu niliyoyaua kwa moto, kwa kipimo cha kujivuna, nikamdanganya fundi, nikaficha mifuko miwili. Kuta tatu ni nzima. Huu mmoja umesimama kwa lipu na kwa sababu bado haujasukumwa. Paa linaulalia. Vitanda vitawekwa chini yake.

Msije mkasema jambo hili limeyashinda majivu. Wapo watakaosema hivyo kabla sijamaliza kusomwa, na namsikia mmoja wao akigonga meza kwa penseli. Majivu hayana kosa. Kuta tatu za Bi Mwanamvua zimekula mvua wiki sita na msumari unapinda. Kilichoharibika ni mimi, niliyetaka kweli iwe yangu kabla ya kutaka iwe kweli. Nimepigana na Ndugu Hilario msimu mzima kwa sababu alijitwalia kazi isiyo yake, na siku nilipopata ukuta mmoja wa kujenga nilifanya lile lile, tena kwa madhara makubwa zaidi, maana ripoti yake haiwezi kumwangukia mtu.

Sasa nadai, na nadai kwa majina.

Mzee Pazi, shikamoo. Kabla ya kugusa chochote, kaza nguzo nne chini ya mbao za paa upande wa kaskazini. Kisha anza juu, ushushe kozi moja moja, safu kwa safu. Matofali ni mazima, yasivunjwe. Yasuguliwe yatumike tena. Kama huniamini, na una haki, chukua msumari uliobanwa katika ukurasa huu uuchome popote kwenye ukuta huo.

Bi Mwanamvua, mtani, nakuomba magunia manne kutoka kilima chako, na nakuomba uyapime wewe: debe moja kwa debe moja. Mfuko mmoja wa saruji uko stoo, mzima. Usimruhusu Mwanaamina, wala mtoto wa mtu mwingine yeyote, kuingia chumba kile kabla ya siku saba za ukuta mpya, hata mvua ikinyesha namna gani. Akibanwa na uchungu kabla ya hapo, nyumba yangu ina chumba cha mbele, na Laurentia amekwisha tandika.

Ndugu Hilario, nakala itakufikia Kisarawe. Andika ripoti upya. Weka jina la Mwanamvua juu, uweke na Pangani. Langu liweke mahali pa tahadhari, ukurasa wa makosa, ili fundi wa kijiji kingine atakayeona majivu meupe yamependeza machoni ajue ayakatae.

Ndugu Mfaume, ahirisha sherehe. Nipeni sururu ya kwanza, na kama mtaona sistahili hata hiyo, nitabeba kifusi.

Tuliambiwa mwezi wa pili kwamba asiye na saruji angoje. Safari hii saruji mnayo, majivu mnayo, fundi mnaye. Njooni Jumanne saa moja asubuhi, mvua iwepo au isiwepo. Msingoje.